Kipimo cha Synacthen: sindano ya kujaribu tezi za juu ya figo

Nimekuwa muuguzi katika hospitali za Pwani kwa zaidi ya miaka 20, na katika vipimo vyote nilivyowahi kusaidia kuvifanya, hakuna kinachowatatiza watu kama hiki. Mgonjwa anaambiwa atadungwa sindano, kisha anaambiwa sindano hiyo si dawa na haitamponya. Anatolewa damu, anadungwa, anatolewa damu tena baada ya nusu saa, na mara nyingi anatolewa tena mara ya tatu. Akifika nyumbani anaulizwa, "Wamekupa dawa gani?" naye hana la kujibu. Wapo wanaokataa hata kuanza, na baadhi yao nimewaona wakirudi wakiwa wamebebwa.

Makala haya nimeyaandika yawe ya kurejelea. Yasome, yahifadhi, na umtumie jamaa yako aliyepangiwa kipimo hiki. Hayachukui nafasi ya daktari wako, lakini yatakusaidia kujua la kumuuliza na la kumwambia.

TEZI NDOGO, KAZI KUBWA

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Huitwa tezi za adrenali, na kwa mtu mzima kila moja ina uzito wa gramu 4 hadi 5 tu. Sehemu yake ya ndani hutengeneza adrenalini, ile homoni inayoufanya moyo uende mbio unaposhtuka. Gamba lake la nje ndilo linalotuhusu leo, kwa sababu ndilo linalotengeneza homoni mbili ambazo mwili hauwezi kuishi bila ya hizo: kotisoli na aldosteroni.

Kotisoli husaidia kuweka sawa sukari na presha ya damu, na humpa mtu uwezo wa kuhimili homa, jeraha, upasuaji na misukosuko mingine ya mwili. Huwa juu asubuhi na hushuka hadi kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Aldosteroni huzuia chumvi isipotee kwenye mkojo, na huitoa nje potasiamu iliyozidi.

Tezi hizi hazifanyi kazi kwa hiari yao. Ukitaka kuelewa mpangilio wake, fikiria jahazi. Nahodha yuko ndani ya ubongo, mahali paitwapo haipothalamasi. Yeye humwamrisha serahangi, ambaye ni tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na serahangi huwapigia kelele mabaharia watweke tanga. Mabaharia ni zile tezi za juu ya figo, na kelele za serahangi ni homoni iitwayo ACTH. Kotisoli ikishatosha, habari humrudia nahodha na serahangi, nao hunyamaza.

Sasa jahazi likiwa halisogei na tanga halijatwekwa, huwezi kujua mara moja kosa ni la nani. Pengine mabaharia ni wagonjwa. Pengine wako wazima, ila serahangi amepoteza sauti. Kipimo cha Synacthen ni sisi kupanda jahazini na kutoa amri wenyewe, kisha kutazama kama tanga litapanda.

SINDANO HIYO NI NINI HASA

ACTH ya mwili wa binadamu ni mnyororo wa pingili 39. Wataalamu waligundua kwamba pingili 24 za mwanzo zinatosha kuiamrisha tezi. Wakazitengeneza hizo 24 maabara na kuziita tetrakosaktidi. Synacthen ni jina la biashara, na Marekani utakutana na jina Cortrosyn. Kipimo hiki kifupi kilielezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1965 na kikaenea duniani.

Hapa kwetu mara nyingi naulizwa kama sindano hii inatokana na mnyama. Swali hilo lina msingi, kwa sababu zamani ACTH ya hospitali ilikuwa ikikamuliwa kutoka kwenye tezi za nguruwe. Tetrakosaktidi haikamuliwi kwa mnyama yeyote, bali huundwa maabara pingili kwa pingili.

Dozi ya mtu mzima ni mikrogramu 250, ambayo ni kichupa kimoja cha mililita 1. Watoto wachanga na wadogo hupewa kidogo zaidi, kwa hesabu ya daktari. Kichupa hiki hutakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na mwanga. Kwa joto letu la Mombasa na Lamu hilo si jambo dogo. Ukiambiwa ukanunue mwenyewe kwenye duka la dawa, nenda na chombo chenye barafu, ufunge kichupa kwa kitambaa kisigandane na barafu yenyewe, na usiingize njia ya kupitia sokoni.

MARADHI YANAYOTAFUTWA

Daktari aitwaye Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's mjini London, ndiye aliyeyaeleza maradhi ya tezi hizi mwaka 1855. Wagonjwa wake walikuwa wamedhoofu, wamekosa hamu ya kula, na ngozi zao zimebadilika rangi. Wengi wa aliowachunguza baada ya kufa walikutwa tezi zao zimeliwa na kifua kikuu. Mpaka leo, tezi zenyewe zinapoharibika, maradhi huitwa kwa jina la Addison. Rais John F. Kennedy wa Marekani alikuwa nayo, na aligunduliwa akiwa London mwaka 1947. Aliishi na kufanya kazi kwa sababu alikuwa akipata homoni kila siku.

Upungufu huu una sura mbili kubwa. Ya kwanza ni pale tezi zenyewe zinapoharibika. Hapa kotisoli na aldosteroni zote hupungua, na ACTH hupanda sana kwa sababu serahangi anapiga kelele bila ya kusikilizwa. ACTH ikizidi huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi. Sura ya pili ni pale ubongo au tezi ya pituitari inapokosa kutoa amri. Kotisoli hupungua, ACTH huwa chini, ngozi haiongezi weusi, na aldosteroni kwa kawaida hubaki sawa.

DALILI AMBAZO HUPUUZWA

Dalili huingia polepole na hufanana na mambo mengine mengi: uchovu usioisha hata baada ya usingizi, kupungua uzito, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu unapoinuka, viungo kuuma. Wenye maradhi ya tezi zenyewe hutamani chumvi kupita kiasi. Nimewahi kumuuguza mama mmoja aliyekuwa akilamba chumvi ya mawe kama peremende, na nyumbani walidhani ana mimba. Damu ikipimwa, sodiamu hukutwa chini, na kwa maradhi ya tezi zenyewe potasiamu mara nyingi huwa juu.

Vitabu vingi hueleza kubadilika kwa ngozi kwa mgonjwa mweupe. Kwa ngozi zetu inabidi utazame penyewe: ufizi na ndani ya mashavu, mistari ya viganja, vifundo vya vidole, na makovu mapya. Weka picha yake ya mwaka juzi pembeni, ulinganishe. Watu wa nyumbani mara nyingi ndio wa kwanza kusema, "Mbona umekuwa mweusi hivi?" Wakisema hivyo kwa mtu anayekonda na kuchoka, neno lao ni la kupelekwa hospitali.

Najua pia tunavyoishi. Mtu akidhoofika bila ya sababu, akazimia akiinuka, na malaria na taifodi zikakosekana, maneno ya husuda na jini hayachelewi. Simzuii mtu kusomewa dua. Ninachoomba ni kwamba kisomo na kipimo viende pamoja, kwa kuwa maradhi haya yakicheleweshwa huua, na yakijulikana yana dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

NANI AWE MACHO HAPA PWANI

Wa kwanza ni mwenye kifua kikuu, au aliyewahi kuugua, kwani vijidudu vyake vinaweza kuingia kwenye tezi hizi. Kuna jambo la ziada: rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulifanya ini liivunje kotisoli haraka zaidi. Mtu ambaye tezi zake zilikuwa zikijikongoja anaweza kuanguka muda mfupi baada ya kuanza dawa. Jamaa husema dawa za TB zimemshinda, aache. Asiache. Arudi kliniki haraka na apimwe.

Wa pili ni mwenye virusi vya Ukimwi, hasa aliyechelewa kuanza dawa, kwa sababu ya maambukizi mengine yanayoweza kuzishika tezi. Kama anatumia ritonaviri pamoja na dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi, amtajie daktari zote mbili. Ritonaviri huweza kuifanya steroidi hiyo irundikane mwilini na kuzilaza tezi.

Wa tatu ni mama aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Damu ikipungua ghafla, tezi ya pituitari inaweza kufa sehemu yake. Dalili ya mapema ni maziwa kukosa kutoka, na baadaye hedhi kutorudi, baridi, na uchovu wa miaka. Wengi huambiwa ni uzazi umewachosha.

Wa nne, na ndio wengi kuliko wote, ni mtu aliyetumia steroidi kwa muda. Hapa naomba nikae kidogo.

STEROIDI TUNAZOJITIA WENYEWE

Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa nzuri zikitumiwa kwa amri ya daktari. Hufanya kazi kama kotisoli, tena kwa nguvu zaidi. Mwili ukizipata kila siku kwa wiki kadhaa, nahodha na serahangi hudhani kotisoli imejaa, wakanyamaza. Mabaharia wasiposikia amri kwa muda mrefu, hulala, na tezi husinyaa. Siku dawa inapokatwa ghafla, hakuna wa kutweka tanga.

Sasa angalia zinavyoingia majumbani. Kuna vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwenye vikaratasi bila ya jina, na deksamethasoni imewahi kukutwa ndani ya vidonge vya namna hiyo katika nchi mbalimbali. Kuna mikorogo na krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo zikipakwa mwili mzima kwa miezi hupenya hadi kwenye damu. Kuna "dawa ya mitishamba" ya magoti na mgongo inayoondoa maumivu siku hiyo hiyo kwa namna ya kushangaza. Ukiona mtishamba unafanya kazi haraka kuliko hospitali, na uso unaanza kujaa na kuwa wa mviringo, shuku kilichomo.

Nimemuuguza bi harusi aliyemeza vidonge vya kunenepa kwa miezi, akavimaliza wiki ya harusi na asinunue vingine. Siku tano baadaye aliletwa anatapika, presha imeshuka, sukari imeshuka. Mama yake aliapa kwamba binti hanywi dawa yoyote, na alikuwa mkweli kwa alivyojua. Tulikipata kikaratasi kwenye mkoba wake wa vipodozi. Alipona, lakini ilichukua miezi mingi ya kupunguziwa dawa kidogo kidogo na kupimwa tena na tena hadi tezi zilipoamka.

Kwa hivyo sheria ni mbili. Usianze steroidi kwa ushauri wa muuzaji. Na ikiwa umeshatumia kwa zaidi ya wiki tatu au nne, usikate ghafla. Nenda useme ukweli wote, hata krimu. Hatuko pale kukuhukumu.

KABLA YA SIKU YA KIPIMO

Mwambie daktari mambo haya, hata asipokuuliza:

Kwanza, kila steroidi uliyotumia: vidonge, sindano za goti, dawa ya kuvuta, matone, krimu. Haidrokotisoni na prednisoloni zinaweza kuonekana kwenye kipimo kana kwamba ni kotisoli yako mwenyewe. Kwa kawaida mgonjwa huombwa aruke dozi ya jioni iliyotangulia na ya asubuhi ya kipimo, halafu anywe mara tu damu ya mwisho ikishatolewa. Hili lifanywe kwa maagizo ya daktari pekee. Njoo na vidonge vyako mkobani.

Pili, vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Hivi huongeza protini inayoibeba kotisoli kwenye damu, na majibu yakaonekana mazuri kuliko hali halisi. Daktari anaweza kukutaka uviache wiki 6 kabla, na ukifanya hivyo uwe na njia nyingine ya kujikinga. Mimba nayo ina athari kama hiyo, kwa hiyo sema kama una mimba.

Tatu, pumu na mzio wa aina yoyote, na kama uliwahi kudungwa sindano hii ukapata shida. Mwili kuikataa sindano ni jambo la nadra, lakini hutokea, na ndiyo maana kipimo hufanywa mahali penye wahudumu na dawa za dharura.

Kuhusu chakula, kipimo hiki hakihitaji ukae na njaa, isipokuwa kama umeagizwa vipimo vingine pamoja nacho. Ikiwa ni Ramadhani na hali yako si ya dharura, uliza kama kipimo kinaweza kusogezwa. Masuala ya funga, kudungwa na kutolewa damu, muulize sheikh unayemwamini kabla ya siku yenyewe, usije ukabishana na muuguzi mlangoni.

Piga simu hospitali kabla ya kusafiri. Si kila hospitali ina kichupa hiki kila siku, na si kila maabara inapima kotisoli hapo hapo. Mtu akitoka Lamu au Tana River kwa gharama zake, afike aambiwe dawa imekwisha, huo ni msiba mdogo unaoweza kuepukwa kwa simu moja. Uliza mambo matatu: je, sindano ipo; je, gharama ya damu zote imejumlishwa au kila chupa inalipiwa peke yake; je, majibu hutoka lini.

SIKU YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Tunapenda kuanza asubuhi, kati ya saa 2 na saa 3, kwa sababu damu ya kwanza ina maana zaidi wakati huo. Majibu ya sindano yenyewe yanaweza kusomwa hata kipimo kikifanywa saa nyingine.

Utakaa au utalala. Nitakuwekea mrija mdogo wa plastiki kwenye mshipa wa mkono ili nisikuchome mara tatu. Damu ya kwanza ni ya kotisoli ya mwanzo. Kama daktari ameagiza ACTH, nayo huchukuliwa sasa hivi, kabla ya sindano, kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, na hutiwa kwenye barafu na kukimbizwa maabara. ACTH huharibika upesi. Chupa ikisahauliwa mezani saa nzima, jibu halina maana, na usione haya kuuliza, "Barafu iko wapi?"

Kisha napiga sindano ya mikrogramu 250, kwenye mshipa au kwenye msuli wa bega. Naandika saa kamili. Baada ya dakika 30 natoa damu ya pili. Baada ya dakika 60 natoa ya tatu, kama maabara inataka. Kila chupa huandikwa jina na dakika yake. Hili la kuandika ndilo ninalolisimamia zaidi ya yote, kwa sababu chupa ya dakika 0 ikibadilishana na ya dakika 30, mgonjwa anaweza kupewa ugonjwa asio nao, au kunyimwa dawa anayoihitaji.

Wengine huhisi uso una joto au kichefuchefu kidogo, ambavyo hupita. Ukihisi kuwashwa, kifua kubana, midomo kuvimba au kizunguzungu, sema hapo hapo, usivumilie. Ukimaliza, kunywa chai, meza dawa zako kama ulizikatiza, na uende zako. Unaweza kurudi kazini siku hiyo hiyo.

KUSOMA MAJIBU

Kotisoli huandikwa kwa nanomoli kwa lita au kwa mikrogramu kwa desilita. Mikrogramu 1 ni sawa na nanomoli 27.6 hivi, kwa hiyo angalia kipimo kilichotumika kabla ya kulinganisha karatasi yako na ya mwenzako.

Damu ya asubuhi pekee ina habari. Ikiwa chini ya nanomoli 100 hivi, upungufu unashukiwa sana. Ikiwa juu ya 400 hivi, upungufu ni vigumu kuwapo. Walio katikati ndio hasa wanaohitaji sindano.

Baada ya sindano, kwa miaka mingi tulitafuta kotisoli ipande hadi angalau nanomoli 500 au 550, yaani mikrogramu 18 hadi 20. Mashine za siku hizi huchagua kotisoli kwa umakini zaidi na hutoa namba za chini kidogo, kwa hiyo maabara nyingi zimeshusha mstari hadi karibu 400 au 450. Muulize daktari mstari wa maabara hiyo ni upi. Kinachoangaliwa ni kilele kilichofikiwa, na si tofauti tu kati ya damu ya kwanza na ya pili.

Kotisoli ikipanda vizuri, tezi ziko macho. Isipopanda, ACTH ndiyo inayoonyesha kosa liko wapi. Ikiwa juu sana, tezi zenyewe zimeharibika, na daktari atatafuta sababu, pamoja na kifua kikuu. Ikiwa chini, au iko katikati ilhali kotisoli ni ndogo, macho yanageukia pituitari au steroidi zilizotumika.

Kuna mtego mmoja wa kuujua. Pituitari ikiumia leo, mabaharia hawasinyai leo. Katika wiki chache za mwanzo tezi bado zinaweza kuitikia sindano na majibu yakawa mazuri, ilhali serahangi amekwisha kunyamaza. Mama aliyetokwa na damu nyingi wiki mbili zilizopita, au mtu aliyetoka kwenye upasuaji wa pituitari, asitulizwe na jibu zuri moja akiwa bado mgonjwa. Kipimo hurudiwa, au hutafutwa njia nyingine.

Pale ambapo kichupa hakipatikani, usikate tamaa. Kotisoli ya asubuhi, ACTH, sodiamu, potasiamu na sukari vinaweza kumwonyesha daktari njia ya kuanzia.

MTU AKIWA TAABANI, KIPIMO KINGOJE

Kama utasahau mengine yote, shika hili. Upungufu wa kotisoli unapofikia kilele, mtu hutapika, tumbo humuuma, presha huanguka, huchanganyikiwa, na huweza kufa katika saa chache. Mara nyingi huchochewa na homa, kuharisha, upasuaji, au kukatiza dawa. Hapo hakuna kusubiri Synacthen. Damu ya kotisoli na ACTH hutolewa ikiwezekana mara moja, kisha mtu mzima hudungwa haidrokotisoni miligramu 100 na kutiwa dripu ya maji ya chumvi, lita ya kwanza ndani ya saa moja hivi, na sukari hupimwa. Sindano ya kujaribu tezi itafanywa akishatulia, siku nyingine.

Nalisema hili kwa uchungu. Nimeona kijana mwenye kifua kikuu aliyelazwa katika hospitali moja, presha yake ikipandishwa kwa dripu na kushuka tena kwa siku tatu, huku karatasi ya kipimo ikingoja kichupa kitoke mjini. Haidrokotisoni ilikuwa kabatini muda wote. Alidungwa siku ya nne, na saa chache baadaye akaomba uji. Wengine hawafiki siku ya nne. Jamaa wa mgonjwa wana haki ya kuuliza, kwa adabu: "Daktari, hawezi kuwa amepungukiwa kotisoli? Tunaweza kumpa wakati tunangoja majibu?"

UKIAMBIWA UNAO

Dawa ni kurudisha kinachokosekana. Watu wazima wengi hupata haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, dozi kubwa ikiwa ya asubuhi. Pale isipopatikana, daktari anaweza kutumia prednisoloni kidogo. Wenye tezi zilizoharibika huongezewa fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Dozi hizi hazinenepeshi wala hazivimbishi uso, maana zinalingana na kile ambacho mwili ungejitengenezea.

Ukipata homa, dozi kwa kawaida huongezwa maradufu hadi upone, kwa mpango uliopewa na daktari. Ukitapika dawa, ni safari ya hospitali kwa sindano, hata kama ni saa 8 usiku. Kabla ya kung'olewa jino, kufanyiwa upasuaji au kujifungua, waambie wahudumu. Weka kadi kwenye pochi iliyoandikwa kwa maneno machache kwamba una upungufu wa kotisoli na unahitaji haidrokotisoni wakati wa dharura, pamoja na namba ya simu ya jamaa. Bodaboda akikuokota barabarani, kadi hiyo itasema kwa niaba yako.

Ramadhani izungumzwe na daktari mapema, Shaabani haijaisha. Kuna wagonjwa waliotulia wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa dawa na saa zake, na kuna ambao kufunga kwao ni hatari. Aliyeambiwa asifunge ana ruhusa ya mgonjwa. Na aliyeruhusiwa akahisi kizunguzungu, kutapika au udhaifu usio wa kawaida, afungue saa hiyo hiyo, ameze dawa na atafute msaada.

Kwa waliolazwa tezi na steroidi, habari ni njema zaidi. Wengi huamka, ingawa huchukua miezi na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kipimo hiki hurudiwa ili kujua kama mabaharia wameanza kuitikia, na hapo ndipo dawa hupunguzwa bila ya hofu. Karatasi za majibu ya zamani zitunze zote pamoja, kwa tarehe, na uje nazo kila unapokuja kliniki. Daktari mpya akizikuta, hataanza upya na damu yako.